Risiti za saa nne

Jana UPS ya jirani, ile betri ya akiba ya kompyuta, ililia kutwa, na kila ilipolia nilimwona kichwani mama mhasibu.

Mnaikumbuka ile kompyuta ya ushirika wake kule Moshi, ile niliyoifunga openSUSE, mfumo endeshi wa Linux, mkanicheka. Siku ile masasisho ya mfumo yalianza saa nne. Diski kuukuu ikawa inasaga polepole, na mama hakuacha kuingiza risiti. Saa sita umeme ukakatika. UPS ikalia, ikajikaza kidogo, ikazima. Umeme uliporudi, mashine ikawaka nusu na kuganda.

Nikaiwasha tena, nikasimama kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka, nikashuka hadi kwenye snapshoti, picha za mfumo ulivyokuwa wakati fulani. Programu ya Snapper huhifadhi moja kabla zypper, kisakinishi cha masasisho, haijagusa kitu na nyingine kazi ikiisha. Ya kabla ilikuwepo, ya baada haikuwepo: masasisho yalikatikia njiani.

"Fundi, unafanya nini?" Alikuwa nyuma yangu, kitabu cha risiti kwapani.

"Nairudisha ilivyokuwa saa nne, mama."

Akanyamaza. "Na risiti nilizoingiza baada ya saa nne?"

Jibu nilikuwa nalo. Tangu openSUSE Leap 15, toleo la 2018, /var yote, folda ya data zinazobadilikabadilika, ni sabuvolyumu ya peke yake, yaani sehemu iliyotengwa isiyoingia kwenye snapshoti ya mfumo, kama ilivyo /home, folda ya mafaili ya watumiaji. Mzizi, yaani mfumo wenyewe, ukirudi nyuma, /var inabaki ilipo, na MariaDB, hifadhidata ya zile risiti, huweka data zake humo humo. Lakini nilisita. Programu zingerudi saa nne, data zingebaki za saa sita. Kama MariaDB mpya ilikuwa imeshafika na kuyagusa mafaili, ile ya zamani ingeweza kugoma kuyafungua. Hilo ungemweleza vipi mtu mwenye fedha za watu kwapani?

Snapshoti ikafunguka, ya kusoma tu. Kabla ya kumjibu nikafungua /var/log/zypp/history, kumbukumbu ya kila kilichosakinishwa, ambayo nayo iko /var, kwa hiyo haikurudi nyuma na mfumo. Nikateremka mstari kwa mstari, pakiti moja moja zilizowahi kuingia. Mama anapumua begani kwangu. MariaDB ilikuwa haijafikiwa.

"Zipo, mama."

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Akavuta kiti, akalinganisha risiti na skrini moja baada ya nyingine, kidole kwenye karatasi, mimi nimesimama. Zote zilikuwepo. Nikaandika snapper rollback, amri ya kurudisha mfumo nyuma, mfumo wa saa nne ukapata nakala inayoandikika, nikawasha upya, yakaisha. (Usiku ule ule nilinakili data kwenye diski ya nje. Snapshoti inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, zote zinakufa.)

Hadi leo sina uhakika kama kuitenga /var yote ni busara au ni bahati iliyonikuta siku nzuri.

Mwisho wa mwezi mama akapiga simu. Mahesabu yalikuwa yamekataa kulingana.

"Fundi, ile yako ya kurudisha nyuma, haiwezi kunirudishia na vitabu hadi wiki iliyopita?"

"Hapana, mama. Hivyo vimetengwa makusudi."

"Makusudi ya nani?"