Mkono wa fundi umepotea

Leo nimerudi nyumbani na picha zaidi ya mia mbili, na ni moja tu iliyonikaa moyoni.

Tangu ninunue ile kamera ya mtumba, kila Jumamosi nashuka soko la Muthurwa na lenzi yangu moja ya milimita 50, natafuta watu walio kazini. (Begi naliweka kifuani, si mgongoni. Hii ni Nairobi.)

Nikamwomba fundi wa viatu ruhusa.
"Piga tu, kijana. Lakini mimi siachi kushona."

Chini ya mwavuli wake palikuwa na giza giza, nikashusha kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde, ili kamera ikae wazi zaidi na kuingiza mwanga. Kuangalia skrini: uso umetulia, kiatu kimetulia, mkono haupo! Ni ukungu tu, na uzi mweupe umechora upinde hewani.

Mzee akachungulia.
"Sasa mkono wangu umeenda wapi? Mama watoto ataniuliza nimekatwa lini!"

Tulicheka mpaka mteja wake, aliyekuwa na kiatu mguu mmoja tu, akajiunga.

Nikapandisha hadi 1/500, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kutoka 200 hadi 3200. Mkono ukarudi, na kucha zake nyeusi za rangi ya viatu, ila picha ina chembechembe kama uji wa wimbi.

Hiyo ndiyo mzee alitaka nimtumie kwa WhatsApp.

Mimi bado naangalia ule uzi.

Wapiga picha wenzangu, nyinyi mngebaki na ipi?