Kabla hujachomeka chaji ya ughaibuni huku Moshi, isome kwanza

Desemba ikishafika Moshi mnajua wenyewe, watu wanarudi nyumbani kutoka kila kona, wa Dar, wa Marekani, wa Ujerumani, wa Dubai, na kila nyumba kule migombani ina mtu kainama ukutani anatafuta pa kuchajia. Kwetu mimi ndo huwa naitwa "hebu njoo uone hii ina nini", sasa nimeona niandike kabisa, maana vitu vinavyoungua kila mwaka ni vilevile na vingi vingepona.

Kabla hujagusa soketi, geuza kichwa cha chaji usome yale maandishi madogo, tafuta palipoandikwa INPUT. Ukikuta 100-240V 50/60Hz basi hicho kichwa kinakubali umeme wa karibu dunia nzima, wa kwetu wa volti 230, wa Marekani wa 120, hata wa Japani wa 100, unachohitaji ni adapta tu ili pini ziingie. Chaji karibu zote za simu na laptopu siku hizi ziko hivyo. Lakini ukikuta 110V au 120V peke yake, acha, usichomeke. Hapa ndo watu wengi wanapochanganya, wanaona adapta imeingia vizuri wanadhani na umeme umebadilika, kumbe hizi adapta ndogo za kawaida ndani ni vipande vya chuma tu vinavyopitisha umeme uleule wa ukutani.

Binamu yangu ana saluni ya kiume maeneo ya Mbuyuni, dada yake akamletea mashine ya kunyolea kutoka Marekani, mashine nzuri, nzito mkononi, akaweka adapta akawasha. Ikaunguruma kwa sauti ambayo hata mteja aligeuka kwenye kiti, ikapata moto, ikaanza kutoa harufu ya waya, ikazima moja kwa moja. Ukiigeuza kwa chini imeandikwa wazi kabisa 120V 60Hz. Roho iliniuma kwa kweli maana ile ndo ilikuwa kazi yake. Kifaa kama hicho kinataka transfoma ya kushusha umeme, lile dude zito, na wati zake zizidi wati za kifaa chenyewe. Drayer ya nywele wala usihangaike nayo, inakula wati elfu na zaidi, na volti zikikaribia mara mbili joto linakaribia mara nne, transfoma ya kuibeba utaona bora ununue drayer nyingine mjini. Na anayepeleka pasi ya huku Marekani hataiunguza, ila itabaki vuguvugu tu, nguvu yake inashuka hadi karibu robo.

Sasa tuje kwenye pini. Soketi zetu za matundu matatu ya pembe nne ni za mtindo wa Uingereza, yale mawili ya chini yana vifuniko ndani ambavyo kwa soketi nyingi vinafunguka pini ndefu ya juu ikiingia. Ndo maana plagi ya Ulaya ya pini mbili inagoma, na watu wanachukua kalamu au kijiti wanachokonoa tundu la juu mpaka ikubali. Jamani naomba tuache hii. Vile vifuniko vipo ili mtoto asiingize msumari, halafu plagi ikiingia kwa kulazimishwa inakaa legelege, inapiga cheche, unakuta soketi imekuwa nyeusi pembeni na simu inaonyesha chaji inaingia inakatika inaingia inakatika, mwenye simu anakimbilia kubadilisha betri wakati tatizo liko ukutani. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, au nunua tu kichwa kipya cha huku utumie waya wako uleule wa USB.

Kuna wanaoogopa sana wakipitisha kidole kwenye laptopu ya bodi ya chuma ikiwa kwenye chaji wanasikia kama inatetema au inachoma kidogo. Mara nyingi ni kwa sababu plagi ni ya pini mbili au soketi ya nyumba haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, kuna umeme mdogo sana unavuja kutoka kwenye chaji na hauna pa kwenda. Tumia waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ethi, hali hiyo inaisha. Ila ikikupiga kweli mpaka ukatoa mkono, chomoa na usiirudishe. Simu kujibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaji nayo mara nyingi ni kichwa kibovu cha bei rahisi, badilisha kichwa kabla hujampa fundi hela ya kioo.

Kama chaji haiingii kabisa badilisha kimoja kimoja, waya kwanza, halafu kichwa, halafu soketi, na uangalie kama swichi ya soketi iko on maana wageni wengi kwao soketi hazina swichi. Angalia na tundu la simu, vumbi letu la kiangazi linajibana mule ndani, zima simu ulitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Umeme ukikatika chomoa vyote, usirudishe mpaka utulie.

Kwa mnaoondoka Januari kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), pawabanki inakaa kwenye begi la mkononi, usiiweke kwenye sanduku la chini, na mashirika mengi yanaruhusu hadi 100Wh (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) bila kuomba kibali. Ya 20,000mAh kwa volti 3.7 ni 74Wh, inapita. Ujerumani utahitaji plagi ya pini mbili za duara, Marekani pini mbili bapa, Afrika Kusini wana ya kwao yenye pini tatu kubwa za duara. Wa Dubai msinunue kitu, soketi zao ni kama zetu.