Nilivyotambua pakiti ziliingilia kadi ipi ya mtandao

Seva niliyokuwa nikiitunza ilikuwa na kadi mbili za mtandao: eth0 ya mtandao mkuu na eth1 iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya laini ya akiba ya tawi. Siku moja watumiaji wa tawi hawakuweza kuifikia seva, ilhali tcpdump, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), niliyoiendesha kwa "-i any", yaani kwenye kadi zote, ilionyesha pakiti zao zikifika moja baada ya nyingine. Kwa kuwa zilielekezwa kwenye anwani ya IP ya eth0, niliamini zimeingilia huko, nikapoteza saa nyingi kukagua mahali pasipo na kosa.

Faili niliyohifadhi haikuweza kunisahihisha. Linux inaponasa pakiti za kadi zote kwa pamoja, kichwa halisi cha Etheneti, yaani maelezo ya mwanzo wa pakiti, hakihifadhiwi. Mahali pake, kwa kawaida katika matoleo ya tcpdump ya kabla ya 4.99, huwekwa kichwa cha baiti 16 chenye anwani ya MAC (anwani ya kadi yenyewe) ya mtumaji bila ile ya mpokeaji, wala hakina nafasi ya kuandikia kadi iliyopokea.

Nilinasa upya kwa kuongeza "-y LINUX_SLL2". Muundo huu una kichwa cha baiti 20, na baiti nne kati ya hizo hushika namba ya kadi. Kuanzia toleo la 4.99, tcpdump hata huonyesha jina la kadi papo hapo, pamoja na neno In (inaingia) au Out (inatoka). Hata hivyo, kinachobaki kwenye faili ni namba tu, na namba 3 ya seva yaweza kuwa kitu kingine kabisa kwenye kompyuta nyingine. Ndiyo maana nilihifadhi pia matokeo ya "ip link", amri inayoorodhesha kadi na namba zake, ya seva yenyewe. Anayetaka jina libaki ndani ya faili atumie dumpcap, programu nyingine ya kunasa pakiti, akitaja kila kadi kwa "-i" yake, kwa sababu muundo wa faili zake, pcapng, hubeba maelezo ya kila kadi.

Pakiti zote ziliingilia namba 3, yaani eth1. Amri ya "ip route get" ilionyesha kwamba njia ya kurudi tawini ilipitia eth0, na kwa kuwa rp_filter, mpangilio ambao ukiwa 1 hukataa pakiti iliyoingilia kadi tofauti na ile ya njia ya kurudi, ilikuwa 1, keneli (kiini cha Linux) ilizitupa pakiti hizo baada ya tcpdump kuziona. Kihesabu cha pakiti zilizotupwa hivyo, TcpExtIPReversePathFilter, katika amri ya nstat kilipanda kila tawi lilipojaribu tena. Sikuilegeza rp_filter, niliongeza njia ya mtandao wa tawi kupitia eth1, na majibu yakaanza kutoka.