Video Niliyoombwa Kuisambaza

Ijumaa iliyopita, nikiwa barazani pa kahawa hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu aliniamkia, akaketi, kisha akanisogezea simu yake. "Mjomba, hii imeletwa kwenye kikundi chetu cha mpira." Chini ya video palikuwa na maneno haya: "Sambaza, Waislamu wote waujue unyama huu." Ilikuwa ile aliyoirekodi muuaji mwenyewe huko Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 15 Machi 2019, akairusha moja kwa moja Facebook, katika shambulio la misikiti miwili lililoua watu 51.

Aliyeituma, sina shaka, alikuwa na uchungu wa kweli, lakini ndiye hasa mtu ambaye muuaji alimtegemea, kwa kuwa kamera ile ilifungwa ili picha zipite mikononi mwa wenye hasira na wenye kushangilia vilevile. Facebook ilieleza kwamba iliondoa nakala milioni 1.5 katika saa 24 za mwanzo; zilizoponyoka bado zinazunguka, kama nilivyojionea. Agosti ya mwaka huohuo, aliyeua watu 23 El Paso, Marekani, aliandika kwamba anamuunga mkono muuaji wa Christchurch. Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliua watu 10 Buffalo, hukohuko Marekani, naye akarusha mauaji yake mtandaoni, baada ya kunakili sehemu kubwa ya waraka wa chuki wa yule wa Christchurch, ambaye mwenyewe alikuwa amemtaja aliyeua watu 77 Norwei mwaka 2011.

Jacinda Ardern, waziri mkuu wa Nyuzilandi wakati huo, aliliambia bunge kwamba hatalitamka jina la muuaji, nami silitaji hapa. Mzee mmoja pale barazani alinipinga: "Mkificha, watu watasahau." Hoja yake ina uzito, ila sioni kwa nini kuwakumbuka marehemu kuhitaji sura ya aliyewaua, waraka wake na hatua alizozifuata.

Nilimsimulia mpwa wangu habari ya muumini wa msikiti wa Linwood, mmoja wa ile miwili, aliyemkabili muuaji akiwa na mashine ya kulipia kwa kadi, akamrushia, akamfukuza hadi kwenye gari. Hakuwahi kuisikia, ingawa video alikwisha kuitazama mara mbili.

"Anaitwa nani, Mjomba?"

Nikamwambia, Abdul Aziz. Akaifuta video, kisha akabaki ameinamia simu, akitafuta namna ya kumwandikia aliyeituma bila kumvunjia heshima, maana ni kocha wao.