Pipi, jino na moyo wa binti yangu

Mtu asikudanganye kwamba mtoto hapasuliwi moyo kwa msaada wa wafadhili mpaka mzazi ajuane na Mzungu. Mimi nauza samaki wakavu hapa Arua, Uganda, Mzungu pekee niliyemzoea ni yule mtoto wa kwenye kopo la maziwa, na binti yangu amepasuliwa.

Miaka miwili tulitibu malaria na nimonia zisizoisha. Shemeji akasema ni damu ndogo, jirani akasema karogwa. Mimi nilikuwa naona jambo moja tu: akikimbia hatua chache anachuchumaa, midomo bluu kama aliyekula zambarau, anatulia hivyo kidogo, kisha anainuka. Tatizo ni kwamba tukifika zahanati anakaa kimya pajani, anapewa dawa ya kikohozi, tunarudi. Siku moja nikaazima simu ya kaka yangu, nikamwachia mtoto afukuze kuku uani. Kuku akashinda, mtoto akachuchumaa, nikarekodi. Najua mnaniona mama katili. Daktari niliyemwonyesha hakuimaliza hiyo video, akavuta karatasi akaandika rufaa ya Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Baadaye nilielezwa kwamba akichuchumaa damu nyingi zaidi inapata njia ya kwenda kwenye mapafu. Mtoto alikuwa anajitibu mwenyewe, sisi tunamwambia aache uvivu.

Kabla ya Mulago nililiwa, nikubali. Alikuja kijana mmoja na kitambulisho shingoni, eti shirika la Ujerumani linachukua watoto kumi, fomu laki tatu, picha za pasipoti juu yangu. Nikauza magunia mawili ya samaki. Nilishanunua hata sweta la baridi ya huko! Simu yake ilizimwa wiki ya pili. Sweta ninalo, navaa kwenye basi la usiku tukipita Karuma.

Basi la Kampala, barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa kijiji, foleni, hayo mnayajua. Pale Taasisi ya Moyo, ndani ya Mulago, walimpiga eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwenye skrini, wakasema ni ugonjwa wa Fallot, kasoro nne kwa mpigo: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya kwenda mapafuni imebana, na mengine mawili yanayofuatana na hayo. Hakuna dawa ya kuziba, ni kupasua. Gharama waliyonitajia ni ya kuuza duka, nami sina duka.

Nikauliza kwa sauti ndogo, basi tutapanda ndege? Sista akacheka. Akaniambia zamani ilikuwa hivyo. Ule mradi wa Rotary, klabu za watu wanaojitolea, wa kutibu mioyo ya watoto ulianza mwaka 1975 kwa msichana wa Uganda hii hii aliyepelekwa New York. Hata sasa wapo wanaopelekwa nje. Lakini tangu 2007 moyo unafunguliwa hapo hapo Mulago, na timu za kigeni huja kupasua bega kwa bega na madaktari wetu, wafadhili wakilipia. Faili la mtoto ndilo linaloingia kwenye orodha, uso wa mzazi hauna kazi. Kwa hiyo laki yako peleka kwenye eko, na namba ya simu uliyowaachia usiibadilishe hata ukiudhiwa na nani.

Simu ilikuja baada ya miezi saba hivi. Nilipiga vigelegele soko zima likasimama. Tukafika, wakampima uzito, damu, kifua, halafu wakamwambia afungue mdomo.

Meno matatu yameoza.

Mnajua yaliozaje? Mtoto wa Fallot akilia sana anaweza kubadilika bluu mpaka azimie, kwa hiyo ukoo mzima uliapa asilie. Akikunja uso, pipi. Bibi yake alikuwa na mfuko maalumu wa pipi kwenye fundo la leso. Sasa daktari ananiambia vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu na kwenda kukaa moyoni, hapasuliwi mpaka kinywa kiwe safi. Timu ikapasua watoto wengine, sisi tukaenda kung'oa. Nililia pale kwenye ngazi, na hakuna aliyenipa pipi.

Wenye watoto kwenye orodha, wapelekeni leo wakaangaliwe meno, msingoje simu.

Tuliitwa tena kundi lililofuata. Upasuaji ulilipiwa, nauli, chakula na kulala kwangu vilinitoka mimi, kama milioni na kitu, sikuhesabu. Aliingia asubuhi, akatoka jioni na mipira kila mahali. Siku ya tatu nikamshika kidole. Kucha ilikuwa ya waridi. Sikuwahi kujua kucha zake zina rangi hiyo.

Stendi ya Arua bibi alikuja kutupokea, fundo la leso mkononi. Nilizichukua pipi zote, nikazila mwenyewe mpaka nyumbani.