Kwa nini gari langu halitoki bila jampu stata

Land Rover za zamani, zile zilizowabeba mabwana shamba, waganga wa wilaya na wapima ardhi hadi vijiji visivyofikiwa na barabara, zilikuja na hendeli. Betri ilipoishiwa nguvu, dereva aliteremka, akaipenyeza hendeli kwenye tundu lake mbele ya gari, akaizungusha injini kwa mikono yake hadi ikanguruma. Stata ya umeme ilikuwa imekwisha kuingia katika magari ya Cadillac tangu mwaka 1912, lakini kwa miongo mingi baadaye watengenezaji wa magari ya kazi waliendelea kumwachia dereva njia ya pili, kwa sababu walijua kwamba betri inaweza kufa mahali popote.

Hendeli ilipotoweka, tulibaki na kusukuma. Gari la gia za mkono unaliweka gia ya pili, unakanyaga klachi, watu wanasukuma, unaiachia klachi, na injini inashika. Sasa hata njia hiyo imeondoka mikononi mwa wengi wetu, kwani magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni ya otomatiki, na gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizimika hakuna shinikizo la kuyaunganisha magurudumu na injini, hivyo hata wakija vijana ishirini wenye nguvu, watalisogeza gari tu. Dereva wa leo ana gari la starehe kuliko la babu yake, lakini betri ikifa ana uwezo mdogo kuliko babu yake wa kujitoa alipo. Jampu stata, ambayo ni betri ndogo ya lithiamu yenye nyaya mbili fupi na vibanio, inamrudishia uwezo huo.

Najua wapo watakaosema kwamba waya za busta, zile za kuunganisha betri ya gari lako na ya gari jingine, zinatosha. Ni kweli kwamba ni rahisi na zinadumu, lakini zinahitaji gari la pili, na gari la pili lina mtu ndani yake. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mtu aliyesimama humo jioni kupiga picha, akazima injini na kuacha taa zikiwaka, hawezi kutembea kwenda kutafuta msaada kwa sababu tembo na simba wako pale pale. Atalazimika kupunga mkono, na anayepungiwa naye ana hofu yake, kwa kuwa kila dereva amesikia habari za watu waliosimamishwa usiku kwa hila. Silaumu anayepita bila kusimama. Ninachotaka ni kwamba usalama wangu na wa familia yangu usitegemee ujasiri wa mtu asiyenijua.

Jambo hili lilinigusa zaidi kwa ajili ya dada yangu, ambaye ni muuguzi na hutoka zamu usiku, wakati maegesho yamebaki na magari machache na mlinzi mmoja. Nilimnunulia ya kwake kabla sijanunua yangu, nikamfundisha kuitumia mchana, kwenye mwanga, mara kadhaa, hadi mikono yake ikazoea. Nadhani hilo ni muhimu kama kifaa chenyewe, kwa sababu usiku wa mvua si wakati wa kusoma kijitabu cha maelekezo.

Watu wengi hawaamini kwamba kitu kinachoenea kwenye droo ya gari kinaweza kuwasha injini. Hesabu yake ni nyepesi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta umeme mwingi sana, tuseme amperi 200, lakini kwa muda mfupi sana. Tukichukua volti 10 na sekunde 3, kazi nzima inatumia chini ya wati-saa 2, ilhali kifaa chenye milliamperi-saa 10,000 katika seli za volti 3.7 kimehifadhi wati-saa 37. Kwa hiyo suala halihusu wingi wa umeme uliohifadhiwa. Linahusu kama seli na nyaya zinaweza kuutoa umeme huo kwa mkupuo bila kuungua.

Ndiyo maana unaponunua usivutwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo kwa kawaida ni amperi za kilele, yaani kiasi kinachotoka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Tafuta amperi za kuwashia, yaani kiasi kinachoendelea kutoka kwa sekunde kadhaa stata ikizunguka, kisha soma ukubwa wa injini kifaa kinaoumudu, na ukumbuke kwamba injini ya dizeli hudai nguvu zaidi kuliko ya petroli yenye ujazo ule ule, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa. Shika nyaya mkononi: zikiwa nyembamba na laini mno, rudisha. Hakikisha kuna ulinzi dhidi ya kubadilisha chanya na hasi. Wenye malori na mabasi makubwa wajue kwamba magari yao hutumia volti 24, hivyo kifaa cha volti 12 hakiwafai.

Matumizi yake yana utaratibu ambao haufai kurukwa. Weka pembetatu barabarani kwanza, zima taa, redio na kiyoyozi. Kibanio chekundu kinaanza, kwenye kichwa chanya cha betri, na cheusi kinafuata, kwenye chuma kitupu cha injini au bodi, mbali kidogo na betri, isipokuwa kama maelekezo ya kifaa chako yanasema vingine. Sababu ni kwamba betri ya risasi na asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche inayoruka juu yake inaweza kuilipua. Washa kwa sekunde tatu hadi tano tu. Ikikataa, subiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Injini ikishika, ondoa vibanio bila kuchelewa. Vifaa vingi vina kitufe cha kulazimisha umeme kupita pale betri ya gari inapokuwa imekufa kabisa, na kitufe hicho kwa kawaida huzima ulinzi huo wa chanya na hasi, hivyo usikibonyeze kabla ya kukagua rangi za nyaya mara ya pili.

Wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kama Toyota Prius, wana nafuu. Betri yao ndogo ya volti 12 huamsha kompyuta tu, na injini huzungushwa na betri kubwa, hivyo hata jampu stata dogo linawatosha.

Adui wa kifaa hiki katika nchi zetu ni joto. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Dar es Salaam, Dodoma au Garissa hugeuka kuwa tanuri, na seli za lithiamu zikikaa humo kila siku huchakaa mapema, zikavimba na hata kuwa hatari. Yangu hukaa ndani ya nyumba gari likiwa limeegeshwa nyumbani siku nzima juani, na ndani ya safari hukaa chini ya kiti, kamwe si juu ya dashibodi. Huichaji upya kila baada ya miezi mitatu hivi, hata kama sijaitumia. Ikivimba, haifai tena kuchajiwa wala kubebwa.

Joto hilo hilo huiua pia betri ya gari, kwani huharakisha kutu ya sahani zake za ndani na kukausha maji yake. Kwa hiyo gari likishawaka kwa msaada wa jampu stata, kazi haijaisha. Pima. Kipimo kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti kinatosha: injini ikiwa imewaka kinapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5, na asubuhi, kabla ya kuwasha, betri nzima husoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12, ama imeisha chaji au seli mojawapo imekufa. Nikiona chini ya 13 injini ikinguruma, najua altaneta, jenereta ndogo inayochaji betri injini ikizunguka, haifanyi kazi, nazima kila kisichohitajika na kwenda moja kwa moja kwa fundi umeme, bila kuizima injini njiani.