L si kushoto

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 14. Kumi la mwisho la Ramadhani, kanzu zimejaa mpaka kwenye kiti cha mteja, plagi ya pasi ikayeyuka. Nikatuma mtoto dukani aniletee nyingine. Nikasema, kufunga plagi nako kunataka fundi? Nyaya tatu, matundu matatu.

Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani kuna herufi tatu: L, N, E. Kiingereza changu cha darasa la saba kikaamka. L nikaijua palepale: *left*, kushoto. Ila ilikuwa upande wa kulia! Nikaigeuza plagi juu chini, ikaja kushoto, roho ikatulia. E nayo haina ubishi: *electricity*, umeme wenyewe. Waya wa kahawia ndio wa moto, hilo mafundi wanalisema kila siku, kwa hiyo nikaupeleka kwenye E. Wa bluu ukaenda N kwa kuwa ulikuwa jirani. Ukabaki wa kijani wenye mstari wa njano, nikaupa L.

Nikachomeka, nikawasha. Kitaa chekundu cha soketi kikawaka, pasi ikabaki baridi. Nikangoja wee. Mwishowe nikailaza ubavu na kuligusa bamba kwa vidole viwili, kama tufanyavyo wote.

Nilijikuta chini, juu ya furushi la vitambaa, mkono umekufa ganzi hadi begani. Jirani anayeuza mbaazi anasema nilimwita marehemu bibi yangu kwa jina.

Nyumba ya tatu anakaa mzee mmoja, fundi umeme tangu enzi za waya mwekundu na mweusi.

“Shikamoo, babu. Nimepigwa shoti.”

“Marahaba. Shoti gani, ya mtu au ya waya?”

Sikumwelewa. Akaketi kwenye kigoda, akaifungua plagi yangu, akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia Waingereza wana maneno mawili hapo. *Short* ni pale waya wa moto unapogusana na mwenzake, umeme ukakata njia ya mkato bila kupitia kwenye pasi wala taa; cheche zinaruka na breka, swichi inayojikata yenyewe, inaanguka. *Shock* ni umeme kupita mwilini mwa mtu. Sisi tumeyafunga yote mawili kwenye kanga moja, tukaiita shoti. Ndiyo maana nilikuwa najidanganya kwamba breka ingeniokoa. Breka ya kawaida inangoja ampia nyingi ndipo ianguke; moyo wa mtu unasimamishwa na sehemu ndogo tu ya ampia moja.

L ni *live*, yaani hai.

“Kwa hiyo huu mwingine umekufa?”

“Nani kakwambia? Huo ni nyutro, asiye upande wowote. Umeme unarudi kwa huo. Usiuamini.”

Na E? *Earth*. Ardhi! Waya wa kijani umefungwa kwenye bati la pasi, na kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini nje ya nyumba. Mimi nikaufunga kwenye L, nikaliunga bati moja kwa moja na volti 230. Ule wa kahawia niliupa ardhi, ndiyo maana pasi haikupata moto. Akanionyesha mguu wa E ulivyo mrefu kuliko wenzake: unatangulia kuingia na kufungua vizibo vya matundu ya chini. Nikakificha kwa kisigino kijiti changu cha kuchokolea tundu la juu ninapochomeka chaja ya miguu miwili. Sidhani kama hakukiona.

Neno nililolipenda ni *current*. Kiswahili chake ni mkondo, neno lilelile la wavuvi wetu na la mto. Na umeme wa Hale kweli unatoka kwenye maji ya mto Pangani, kwa hiyo hapo hatukukosea hata kidogo. Mama mdogo wa Mombasa yeye anaita umeme stima, na mimi nikimcheka kila mwaka kwamba hiyo ni meli. Kumbe neno linatokana na *steam*, yaani mvuke, na wati tunazosoma kwenye kibati cha pasi zimepewa jina la James Watt, mtu wa injini za mvuke. Nimeacha kumcheka.

Mzee akafunga plagi upya: kahawia L, bluu N, kijani E. Hela alikataa. Alitaka kanzu yake ipunguzwe pindo kabla ya Idi, nikaipunguza usiku uleule. Kabla ya kulala niliipiga pasi, na bamba nililijaribu kwa tone la maji.